Sura ya Saba: Sindano Iliyokatazwa

Karibu saratani zote hupewa jina maabara. Daktari hukata kinyama, kinyama kinatiwa kwenye chupa ya fomalini, mtaalamu wa patholojia anakitazama kwa hadubini, na majibu yakirudi ndipo mgonjwa anapoambiwa ana nini. Bila kinyama hakuna jina, na bila jina hakuna dawa. Uvimbe unaoota ndani ya jicho la mtoto mdogo haufuati kanuni hiyo. Daktari bingwa wa macho anayeshuku uvimbe huo, yaani retinoblastoma, hachomi sindano kuchukua sampuli. Tundu la sindano, hata liwe dogo namna gani, laweza kupitisha chembe za saratani zikatoka nje ya jicho, na ugonjwa uliokuwa umefungiwa humo ukapata njia ya kuenea mwilini. Kwa hiyo uamuzi mzito kuliko yote katika tiba hii, wa kuliondoa jicho au kuliacha, hufanywa kwa kutazama.

Kutazama kunatosha kwa sababu jicho limeumbwa ili mwanga upite. Konea ni angavu, lenzi ni angavu, na ute uliojaa nyuma ya lenzi nao ni angavu, mpaka kwenye retina, utando mwembamba wa nyuma unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachomruhusu daktari kuona mishipa ya damu na neva hai bila kupasua. Uvimbe wa retina humuonekania kama bonge jeupe, lina mishipa iliyotanuka inayolilisha, na mara nyingi lina vipande vya chokaa ndani yake. Chokaa hiyo ni ushahidi mkubwa. Ultrasaundi huinasa bila shida, na daktari mzoefu akiikuta kwenye jicho la mtoto wa miaka miwili huwa ameshajua anachopambana nacho.

Sasa, jambo linaloufanya ugonjwa huu uumize zaidi ni kwamba mtu asiye na kifaa chochote naye anaweza kuuona. Mwanga ukiingia kwenye jicho zima hurudi na wekundu wa damu iliyo nyuma ya retina, na ndiyo sababu watu hutoka na macho mekundu kwenye picha za flashi. Ukigonga uvimbe hurudi mweupe. Mama anayemlisha mtoto jioni, taa ikiwa pembeni, huona mboni moja ikimeta kama jicho la paka. Dalili ya pili kwa wingi ni kengeza: jicho lisiloona vizuri huacha kumfuata mwenzake. Mtoto halii, hana homa, anacheza na wenzake. Ukimuuliza bibi yake atakuambia mjukuu ni mzima kabisa, na kwa macho ya kawaida atakuwa amesema kweli.

Bryan Shaw, mkemia wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas, ni baba wa mtoto aliyepata ugonjwa huu. Baadaye alirudi kwenye picha za familia, akaanza kuzipitia moja moja, na akakuta mboni nyeupe kwenye picha zilizopigwa mtoto akiwa bado mchanga, kabla daktari yeyote hajashuku lolote. Kutokana na hapo yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu inayopekua picha kutafuta weupe huo. Naipenda kazi hiyo, ila lazima niweke tahadhari: si kila weupe kwenye picha ni saratani. Mtoto akitazama pembeni kidogo, flashi inaweza kugonga mahali neva inapotokea nyuma ya jicho, na hapo pana weupe wake wa asili. Mtoto wa jicho huleta mboni nyeupe. Minyoo ya mbwa ikiingia kwenye jicho huleta mboni nyeupe. Kuna pia ugonjwa wa mishipa ya retina uitwao Coats ambao umewahi kuwadanganya mabingwa. Picha kazi yake ni kumtoa mzazi nyumbani kwenda hospitali. Majibu hayatoki kwenye simu.

Hospitalini mtoto hulazwa kwa nusukaputi, kwa sababu hakuna mtoto wa miezi kumi na minane atakayetulia akitazamwa jicho kwa dakika ishirini. Mboni hupanuliwa kwa matone, na daktari, akiwa amevaa taa kichwani na kushika lenzi mkononi, huipitia retina yote, huku akibonyeza jicho taratibu kwa nje ili kingo za mbele zaidi zijitokeze. Macho yote mawili, hata kama mzazi analalamikia moja tu. Kisha hupanga kila jicho kwenye kundi, kuanzia A mpaka E, kwa kadiri uvimbe ulivyokua na kumwaga mbegu, yaani chembe zake, ndani ya ute. Kipimo cha MRI huonyesha kama neva ya jicho imeguswa. CT huepukwa panapowezekana, kwa sababu nitakayoieleza mbele: baadhi ya watoto hawa wamezaliwa na mwili usiovumilia mionzi.

Mtu wa kwanza kuutenga ugonjwa huu na uvimbe mwingine alikuwa James Wardrop, daktari mpasuaji wa Scotland, katika kitabu alichokitoa Edinburgh mwaka 1809. Hakuwa na kifaa cha kutazama ndani ya jicho, kwani Hermann von Helmholtz hakukitangaza mpaka 1851. Wardrop alipasua macho ya watoto waliokwisha kufa, akaona kwamba ugonjwa unaanzia kwenye retina na kufuata neva kuelekea ubongoni. Pendekezo lake lilikuwa jicho liondolewe mapema, kabla neva haijafikiwa. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijapatikana. Ingekuja karibu miaka arobaini baadaye. Hebu fikiria kumshauri mzazi wa wakati ule kitu kama hicho. Na bado alikuwa sahihi: hadi leo, jicho lenye uvimbe mkubwa huondolewa pamoja na kipande kirefu cha neva, na mtaalamu wa patholojia hutafuta kwanza kama ncha ya neva ilipokatwa ni safi. Hapo ndipo kinyama kinapofika maabara, baada ya uamuzi. Kikionyesha saratani imepenya, mtoto huongezewa dripu za dawa.

Mabingwa wa fani hii wana utaratibu wanaoufuata: uhai kwanza, jicho pili, kuona tatu. Wardrop alishughulika na la kwanza tu. Karne ya ishirini ilitumika kujaribu kulifikia la pili.

Mwaka 1903 daktari mmoja wa Austin, Texas, aitwaye Hilgartner, alimulika jicho la mtoto kwa eksirei, miaka minane tu baada ya eksirei kugunduliwa. London, katika hospitali ya St Bartholomew's, Henry Stallard alitengeneza visahani vyenye kobalti ya mionzi vinavyoshonwa juu ya ukuta wa jicho, mkabala na uvimbe, na kutolewa baada ya siku kadhaa. (Stallard huyo ndiye aliyepata medali ya shaba ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Nimeshindwa kuliacha hilo.) Mionzi iliokoa macho mengi. Lakini watoto walipokuwa vijana, bili ililetwa. Wale waliozaliwa na hitilafu ya kurithi walipata saratani nyingine, hasa za mifupa na za misuli, nyingi zikiota palepale mionzi ilipopita. Kumulika kichwa cha mtoto mchanga kukawa jambo la kuepukwa.

Katikati ya miaka ya 1990 dawa za mishipani ndizo zilizochukua nafasi hiyo: vinkristini, etoposidi na kaboplatini hupunguza uvimbe, kisha leza au baridi kali humalizia kilichobaki. Wajapani walikuwa wameshaanza kusogeza dawa karibu zaidi na jicho kupitia mishipa ya shingoni. Mwaka 2006 kule New York, David Abramson na Pierre Gobin walifika kwenye mshipa wa jicho lenyewe: mrija mwembamba kama uzi huingizwa kwenye paja, hupandishwa kupitia mshipa mkuu utokao moyoni na shingo mpaka mlangoni pa mshipa huo, kisha dawa ya melfalani hudondoshwa. Dozi ni ndogo kwa mwili na kubwa kwa jicho.

Zilibaki zile mbegu zinazoelea kwenye ute, mahali pasipo na mshipa wa damu wa kupeleka dawa. Njia ya wazi ilikuwa kuchoma sindano ndani ya jicho, yaani kufanya lile lile lililokatazwa. Francis Munier, wa hospitali ya macho ya Jules-Gonin mjini Lausanne, Uswisi, alitafuta namna. Kwanza huvuta maji kidogo kutoka sehemu ya mbele ya jicho ili shinikizo lishuke na chochote kisisukumwe nje. Huchagua mahali ambapo chini yake hapana uvimbe. Huchoma kwa sindano nyembamba kabisa, humimina melfalani, na sindano inapotoka, ncha ya baridi kali inakuwa tayari imewekwa juu ya tundu, igandishe na kuyeyusha njia yote iliyopitiwa, mara tatu. Taarifa yake ya mwaka 2012 iligeuza mtazamo wa fani nzima. Sindano haikuhalalishwa ovyo ovyo; imeruhusiwa kwa masharti, mikononi mwa wachache. Siku hizi hata yale maji yanayovutwa mbele ya jicho hupelekwa maabara za Marekani, kwa sababu yana vipande vya jeni za uvimbe. Kwa hiyo kinyama bado hakikatwi, ila uvimbe umeanza kutoa siri zake kwa njia nyingine.

Watu wazima wana uvimbe wao, melanoma, unaoota kwenye tabaka la mishipa na rangi lililo chini ya retina. Ulaya na Marekani hupata watu kama 5 au 6 kwa kila milioni kwa mwaka, wengi wakiwa na umri wa miaka hamsini na kuendelea, ngozi nyeupe na macho ya rangi hafifu. Kwa Waafrika ni nadra mno. Nao hutambuliwa kwa kutazama, na kwa muda mrefu kutazama huko hakukuwa kuzuri: ripoti ya mwaka 1964 kutoka maabara ya patholojia ya jeshi la Marekani ilikuta kwamba karibu jicho 1 kati ya 5 yaliyoondolewa kwa kudhaniwa melanoma halikuwa nayo. Watu walipoteza macho bure. Ultrasaundi, picha za mishipa na nidhamu ya kupima vilibadili hali hiyo. Katika utafiti mkubwa wa COMS, ulioanza miaka ya 1980, makosa yalikuwa chini ya jicho 1 kwa kila 200.

Utafiti huo ulijibu pia swali lililowagawa madaktari. Wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa wastani waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaondolewa jicho, wengine wakashonewa kisahani cha iodini yenye mionzi. Majibu ya mwaka 2001: baada ya miaka mitano, waliofariki walikuwa asilimia 19 upande mmoja na 18 upande wa pili. Kulitoa jicho hakukuongeza uhai. Sababu ni kwamba chembe zinazokuja kuua mara nyingi huwa zimeshaondoka zamani. Ndani ya jicho hakuna mishipa ya limfu, kwa hiyo husafiri kwa damu, na mahali zinapopenda kutua ni kwenye ini. Oliver Sacks, daktari wa neva aliyejulikana zaidi kwa vitabu vyake, alikutwa na melanoma ya jicho mwaka 2005. Uono wa jicho hilo ukapotea baadaye. Mapema mwaka 2015 alitangaza kwamba saratani imefika kwenye ini, na Agosti akafariki akiwa na miaka 82. Dawa ya kwanza kuthibitishwa kurefusha maisha ya wagonjwa wa aina hii, tebentafusp, ilipata kibali Marekani Januari 2022, na inawafaa wale tu wenye aina fulani ya alama za kinga za mwili.

Kwa hiyo melanoma bado inawashinda wenye kila kitu. Retinoblastoma ni kinyume chake: imeshindwa, ila ushindi haujagawanywa.

Utafiti wa kimataifa ulioongozwa kutoka London School of Hygiene and Tropical Medicine ulikusanya watoto 4,351 wa nchi 153 waliogunduliwa mwaka 2017. Katika nchi tajiri, nusu yao walikuwa wamegunduliwa kabla ya kufikisha miezi 14 na kidogo. Katika nchi maskini kabisa, miezi 30.5. Mwaka mmoja na miezi minne ya tofauti, basi. Lakini tazama kilichotokea ndani ya muda huo: ugonjwa ulikuwa umetoka nje ya jicho kwa asilimia 1.5 ya watoto wa nchi tajiri na asilimia 49.1 ya watoto wa nchi maskini. Miaka mitatu baadaye, waliokuwa hai walikuwa asilimia 99.5 kwa wale, na 57.3 kwa hawa.

Ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kwa kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, popote duniani. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Mwenye kalamu apige hesabu, atapata zaidi ya watoto mia moja kila mwaka. Si wengi kiasi cha kila mganga wa zahanati kuwahi kumuona mmoja, na hapo ndipo miezi inapopotelea. Mzazi hupewa dawa ya kupaka ya macho. Au huambiwa kengeza litaisha akikua. Halafu nauli ya kwenda hospitali ya rufaa inasubiri mavuno.

Wanaolaumu wazazi, na madaktari wa kulaumu hawakosekani, hupenda kusimulia juu ya mama aliyeambiwa mtoto aondolewe jicho, akaaga kwamba anakwenda kuongea na baba, akarudi baada ya miezi mitano jicho likiwa limetokeza nje. Mimi nadhani mama huyo alikuwa na hoja. Amemleta mtoto anayecheza. Mtu asiyemjua anamwambia, "Mama, jicho hili inabidi tulitoe." Anajibu, "Lakini daktari, hana maumivu." Hakuna karatasi ya maabara ya kumuonyesha, kwa sababu kipimo chenyewe kimekatazwa. Anatakiwa aamini macho ya mtu mwingine, na akirudi kijijini ndiye atakayeulizwa jicho la mtoto liko wapi. Kumtolea hotuba juu ya saratani hakusaidii kama kumkutanisha na mzazi mwenzake ambaye mtoto wake ana jicho la bandia na anasoma darasa la tatu. Jicho lenyewe la akriliki aoneshwe kabla ya upasuaji, alishike. Aambiwe kwamba litatengenezwa wiki chache baada ya kidonda kupona na litabadilishwa mtoto anavyokua. Na kama aliondoka bila kukubali, apigiwe simu wiki hiyohiyo.

Ninalosema si ndoto. Ruharo, nje kidogo ya mji wa Mbarara, Uganda, Keith Waddell na wenzake waliongeza dripu za saratani juu ya upasuaji katika hospitali ya macho isiyo na anasa yoyote, na mwaka 2015 walichapisha matokeo yanayoonyesha watoto wengi zaidi wakipona. Kenya ilitoa mwongozo wake wa kitaifa wa retinoblastoma mwaka 2014, baada ya miaka ya mikutano iliyowaweka meza moja madaktari wa macho, wa saratani, wauguzi na wazazi. Mkoani Kilimanjaro watafiti walijaribu, katika kliniki za afya ya mama na mtoto, vifaa vya kukagua wekundu wa mboni. Kimojawapo, Arclight, kilibuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews, kinaenea kiganjani na kinachajiwa kwa jua. Muuguzi anayechanja tayari anamshika kila mtoto. Kumulika mboni mbili kunamchukua muda mfupi kuliko kujaza kadi.

Limebaki suala la ndugu. Mwaka 1971 Alfred Knudson, daktari wa watoto kule Houston, aliketi na mafaili ya wagonjwa 48. Aliona kwamba wenye uvimbe macho yote mawili huugua mapema kuliko wenye uvimbe jicho moja, na umri wao ukichorwa kwenye grafu hutoa mistari ya maumbo tofauti. Akahitimisha kwamba seli ya retina haigeuki saratani mpaka ipigwe mara mbili. Mtoto wa kawaida inabidi mapigo yote mawili yatokee kwenye seli ileile, jambo la nadra. Mtoto mwingine amezaliwa na pigo la kwanza katika kila seli ya mwili, akabakiza moja. Mwaka 1986 jeni yenyewe, RB1, ilipatikana kwenye kromosomu ya 13, ikawa ya kwanza kunaswa kati ya jeni zinazozuia saratani. Hitilafu yake ndiyo inayowafanya watoto wale wadhurike kwa mionzi.

Kati ya watoto kumi wenye retinoblastoma, kama wanne wamezaliwa na pigo hilo la kwanza. Wengi wao ni wa kwanza katika ukoo. Usimtafute mchawi wala usilaumu upande wa mama. Ila daktari ataomba kuyatazama macho ya wazazi wote wawili, kwani mara chache hukutwa kovu la uvimbe uliokoma wenyewe utotoni, na mwenye nalo hakuwahi kujua. Penye kipimo cha jeni, familia hupata jibu na ndugu wasio na hitilafu hiyo huachwa waende zao. Pasipo na kipimo, kila mdogo mtu hutazamwa kana kwamba anayo. Na mwenye hitilafu hiyo, akipona, akakua na kupata watoto, kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mtoto huyo aletwe siku za kwanza baada ya kuzaliwa, arudishwe kila baada ya wiki chache katika mwaka wa kwanza, kisha miadi ipanuke kidogo kidogo mpaka afikishe miaka saba.